Bibi Aliyemenya Muhogo kwa Kucha

Ngano nimeibeba!
— Itue!
Nzito hii!
— Tutakupokea!

Basi sogeeni. Na ninyi mnaochekacheka huko nyuma, hii si ya kucheka.

Hapo kale palikuwa na mwanamke, jina lake Somoe. Mumewe alikufa, akamwachia mtoto mmoja wa kike, Hadia, na kibustani nyuma ya nyumba. Kibustani chote kilikuwa muhogo. Si huu wenu wa kuchoma mkautia ndimu na pilipili! Muhogo mchungu, ule ambao hata nguruwe wa porini huunusa akaenda zake. Muhogo ule humenywa, ukalowekwa siku tatu, ukaanikwa juani mpaka ukawa makopa, nayo hukaa mwaka mzima ndani. Ukiruka maji, umejiua. Mbuzi wa jirani aliutafuna asubuhi, adhuhuri wakamfukia.

Kiangazi kikawa kinaisha, mawingu ya vuli yanaanza kuchungulia. Desturi ya kijiji kile ilikuwa hivi: ukivuna, waite wenzio waje wakumenyee, na kila mmenyaji huondoka na fungu lake. Somoe akawaza, "Nikiwaita hawa, mafungu yatanimaliza." Hakuita mtu. Choyo, jamani!

Siku ya kwanza akamenya peke yake. Siku ya pili akamenya peke yake. Siku ya tatu mgongo ukakataa, na lundo halijafika hata nusu. Akasema kwa sauti, "Angekuja japo mmoja! Fungu angechagua mwenyewe, lolote alitakalo."

Mmemsikia? Mdomo huponza kichwa.

"Hodi!"

Bibi kizee kasimama penye ua.

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia wataka mmenyaji."

Somoe akampa kisu. "Cha nini?" bibi akauliza. Akashika muhogo, akaupitisha ukucha. Kwaru! Ganda chini. Kwaru! Wa pili. Kwaru! Wa tatu. Jua halijashuka, lundo limekwisha, na bibi hakunywa maji wala hakutoka jasho. Somoe akazitazama zile kucha. Akajua amekaribisha zimwi.

"Sasa fungu langu," likasema.

"Chagua, bibi."

Likaupita muhogo bila kuutazama. Likanyoosha ukucha mpaka mkekani, alipokaa Hadia.

"Hili."

Ninyi mngefanya nini? Somoe alimnyakua mtoto, akakimbilia kwa jirani. Zimwi liko njiani mbele yake, linajikwangua kucha. Akageuka, akakimbilia kisimani. Liko. Akageukia msituni. Liko! Akarudi nyumbani.

"Bibi," akasema, "ahadi ni deni. Lakini kwetu fungu halitoki mpaka muhogo utoke majini, na waliofanya kazi wale pamoja."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Ninyi watu kwa kuchelewesha mambo! Muhogo umekwisha menywa, mnauogesha wa nini?" Lakini likaketi kizingitini. "Haya. Nitangoja."

Siku ya kwanza, zimwi liko mlangoni.

"Somoe, Somoe, fungu langu li wapi?"

"Majini, bibi."

Siku ya pili, zimwi limeingia ndani, limekaa kwenye kitanda cha mtoto.

"Somoe, Somoe, fungu langu li wapi?"

"Lingali majini, bibi."

Siku ya tatu, zimwi limempakata Hadia, linampima unene wa mkono kwa vidole viwili.

"Somoe, Somoe, fungu langu li wapi?"

Somoe akatikisa kichwa tu. Mwoga? Ndiyo, alikuwa mwoga. Na wewe ungekuwa mwoga.

Asubuhi ya nne akautoa muhogo majini, akauanika, akabakiza wa kupika. Kisha akaenda bustanini, akang'oa shina moja lililosalia, akalimenya, akakata vipande vilevile. Akainjika vyungu viwili, vyote akavitia tui la nazi. Chungu kimoja muhogo uliolowekwa. Chungu cha pili muhogo ambao haujaonja maji. Ukivitazama, huwezi kuvipambanua.

Akapakua sahani mbili. Sahani ya salama na sahani ya mauti. Ile ya mauti akaiweka mbele ya nani? Semeni!

— Mbele ya zimwi!

Aa! Mngeliwa nyote, na mafuta yenu. Zimwi halili linachopewa. Zimwi husema uongo, hivyo hudhani kila mtu ni mwongo. Somoe akaweka sahani ya salama mbele ya zimwi, na sahani ya mauti akaiweka mbele yake mwenyewe. Akaomba Mungu zimwi lifanye kizimwi.

"Karibu, bibi."

Zimwi likanusa sahani yake. Likamtazama Somoe. "Anza wewe."

Somoe akachukua kipande. Akakiinua. Zimwi linatazama, halisemi kitu. Akakisogeza. Zimwi halisemi kitu. Kikamgusa mdomo. Zimwi halisemi kitu! Masikini, alikuwa anakwenda kufa vivi hivi, na mtoto aliwe juu yake.

Na Hadia naye ana njaa, hajala tangu kuche. Akaona mama anakula. Akapenyeza mkono kwenye sahani ya mama yake, akashika kipande.

Paa!

Somoe alimchapa mkono ule kwa nguvu zake zote. Mtoto ambaye tangu azaliwe hajachapwa hata kwa ufito! Kipande kikaruka, Hadia akaangua kilio.

Zimwi likacheka. "Ahaa! Mama anamnyima mwanawe wa kumzaa? Basi vitamu viko huko. Lete hapa!" Likaisukuma sahani yake, likaivuta ile ya Somoe, likala. Likala vipande vyote, likalamba na tui.

"Mchungu kidogo," likasema.

"Ndivyo ulivyo muhogo wetu, bibi."

Likataka kusimama, miguu ikakataa. Likashika kichwa. Likamnyooshea Hadia ukucha, ukafika shubiri moja kutoka shavuni. Likaanguka kifudifudi, halikuinuka tena.

Mnadhani Somoe alipiga vigelegele? Alimwosha mtoto mikono. Akamwosha tena. Akamwosha mara ya tatu, akampanua kinywa, akachungulia jino moja moja, huku yeye mwenyewe analia. Kisha akaichukua sahani ile ya salama.

"Kula, mwanangu. Hiki chako."

Hadia akageuza uso, kaukumbatia mkono wake mwekundu. "Sitaki. Umeninyima."

Somoe alikaa pale jikoni na sahani yake, akamsikiliza mwanawe akilia, akilia kwa nguvu, mzima, akamwacha alie.

Hapo ndipo ngano iliponishuka. Uongo wake nirudishieni mwenyewe. Kweli yake nendeni nayo kwa mama zenu.