Riziki na Bahati, Wachumba Waliosubiriana

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo pakawa imetoka kwa watu wawili tu. Wengine mnatazama viazi. Viazi havijaiva, niangalieni mimi. Paukwa tena.

Pakawa.

Sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, enzi ndege na watu walipokuwa bado wanasalimiana asubuhi, palikuwa na marafiki wawili. Mmoja aliitwa Kitundu, akikaa bondeni kando ya ziwa la chumvi. Mwingine aliitwa Mkumbo, akikaa juu milimani kwenye mashamba ya uwele. Kitundu alikuwa na chumvi lakini hana nafaka. Mkumbo alikuwa na nafaka lakini hana chumvi. Basi kila baada ya mavuno walikutana katikati ya njia, kwenye bwawa lililozungukwa na mawe meupe, wakabadilishana mizigo, wakala pamoja, wakacheka mpaka punda wao wakachoka kuwasubiri.

Mwaka mmoja wote wawili walifika na habari ileile.

"Mke wangu ana mimba," alisema Kitundu.

"Na wangu," alisema Mkumbo.

"Akizaliwa wa kiume kwangu na wa kike kwako, waoane."

"Na akizaliwa wa kike kwangu... ngoja, hiyo umeshaisema. Haya, na kinyume chake, waoane."

Kila mmoja akalamba chumvi kwenye kiganja cha mwenzake, na katika nchi zile hapakuwa na kiapo kizito kuliko hicho. Hawakuulizana itakuwaje wakizaliwa wawili wa namna moja. Walikuwa wamefurahi mno.

Tena kulikuwa na desturi. Watu wakishaahidiana kuwa wakwe, hawaonani uso kwa uso mpaka siku ya harusi. Kwa hiyo tangu siku ile Kitundu aliacha chumvi yake bwawani akaondoka, kisha Mkumbo akaja kuichukua na kuacha uwele. Wakitaka kuambiana jambo, walimtuma Hondohondo, yule ndege mweusi mwenye mdomo kama mwiko wa harusini. Ujira wake ulikuwa karanga.

Sasa bondeni mke wa Kitundu akajifungua. Ilikuwa njaa kali. Watu walikuwa wakichemsha mizizi. Asubuhi aliyozaliwa mtoto, ardhi ikapasuka nyuma ya nyumba, kumbikumbi wakatoka kama moshi. Kijiji kizima kilikula, kikashiba, kikakausha wa akiba. Kitundu akasema, "Mtoto huyu amekuja na chakula chake na chetu. Ataitwa Riziki." Alikuwa msichana.

Milimani nako mke wa Mkumbo alikuwa ndani akisikia uchungu. Kuku akaingia akadonoa unga. Mama yule, na uchungu wake vilevile, akatoka kumfukuza kuku. Alipofika uwanjani paa la nyumba likaanguka pale pale alipokuwa amelala. Akajifungulia uwanjani, kuku akitazama. Mkumbo akasema, "Mtoto huyu ataitwa Bahati." Naye alikuwa msichana.

Hondohondo akaruka kwenda milimani. "Kitundu amepata mtoto, anaitwa Riziki."

Mkumbo akapiga kofi paja lake. Huko milimani kila Riziki aliyemjua alikuwa mwanamume. Kulikuwa na Riziki mhunzi, kulikuwa na Riziki mchunga fahali, kulikuwa na Riziki mwenye ndevu mpaka kifuani. "Nimepata mkwe wa kiume," alisema. "Mwambie Kitundu kwamba mtoto wetu anaitwa Bahati."

Hondohondo akaruka kurudi bondeni. "Mkumbo amepata mtoto, anaitwa Bahati."

Kitundu naye akapiga kofi paja. Huko bondeni kila Bahati alikuwa mwanamume. Kulikuwa na Bahati mpiga ngoma, kulikuwa na Bahati mtega nyati, kulikuwa na Bahati aliyeumwa na swila akapona akaoa wake wengine. "Nimepata mkwe wa kiume," alisema.

Nyinyi mmeshaelewa. Kitundu hakuelewa. Mkumbo hakuelewa. Hondohondo alielewa, lakini alikuwa na karanga mdomoni.

Miaka ikaenda. Kila mavuno Mkumbo alimuuliza ndege, "Riziki anaendeleaje?"

"Anakua," alisema Hondohondo.

"Ana tabia gani?"

"Mkaidi. Akisema hapana, hata babaye hamgeuzi."

"Vizuri. Mwanamume asiwe kama uji."

Na huko bondeni Kitundu aliuliza, "Bahati je?"

"Ana nguvu. Juzi amempiga fisi kwa mchi mpaka fisi akaomba radhi."

"Kwa mchi?" Kitundu alifikiri kidogo. "Labda alikuwa anapita jikoni."

Hatimaye wasichana wakafika umri wa kuolewa. Kila nyumba ikajitayarisha kupokea watu wa bwana harusi. Kwa Kitundu wakafagia uwanja, wakapika pombe, wakasubiri. Kwa Mkumbo wakafagia uwanja, wakapika pombe, wakasubiri. Hakuna aliyekuja. Pombe ikachacha, wakaimwaga. Mavuno mengine wakafagia uwanja, wakapika pombe, wakasubiri. Majirani walianza kupita polepole mbele ya nyumba wakichungulia.

Kitundu akakasirika. "Mkumbo ameona binti yangu hamfai mwanawe. Basi hatapata hata punje ya chumvi." Mkumbo naye akakasirika. "Kitundu ananidharau. Basi hatapata hata punje ya uwele." Mizigo ikakoma bwawani. Milimani ng'ombe wakawa wanalamba udongo, na mboga haina ladha. Bondeni watoto wakalala na njaa huku wamezungukwa na chumvi nyeupe kila upande. Hasira ilipopanda, vijana wa pande zote mbili wakaanza kunoa mishale.

Asubuhi moja Riziki alimwambia mama yake, "Mama, nakwenda kumwona huyo Bahati. Nataka aniambie mwenyewe kwamba hanitaki."

"Msichana hamfuati mchumba, mwanangu."

"Simfuati. Nakwenda kumgombeza."

Akafunga chumvi kidogo kwenye upindo wa nguo, akaondoka.

Asubuhi hiyohiyo, huko milimani, Bahati naye aliweka mchi begani akashuka. Hakuaga. Alijua babaye angekataa.

Jua lilipokuwa juu, walikutana bwawani kwenye mawe meupe. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa msafiri tu. Riziki alikuwa na chumvi, Bahati alikuwa na kiporo cha ugali. Wakaketi, wakachovya, wakala.

"Unakwenda wapi, dada?" aliuliza Bahati.

"Kumtafuta mwanamume mmoja mvivu. Tumemfagilia uwanja mpaka ufagio umebaki kijiti."

"Pole. Na mimi natafuta mvivu wangu. Sisi tumemwaga pombe mpaka panzi wa uani wanatembea upandeupande."

Riziki akacheka. "Wako anaitwa nani, nikimkuta nimsute?"

"Riziki. Mtoto wa Kitundu wa bondeni."

Riziki akaacha kutafuna. "Kitundu ana mtoto mmoja tu."

"Ndiye huyo huyo. Unamfahamu?"

"Namfahamu sana. Na wangu mimi anaitwa Bahati, mtoto wa Mkumbo."

Tonge likamdondoka Bahati mkononi. Wakatazamana. Bahati akamwangalia Riziki kuanzia kichwani mpaka miguuni, Riziki akamwangalia Bahati kuanzia miguuni mpaka kichwani. Kisha wakaanza kucheka, wakacheka mpaka Bahati akateleza jiweni akaingia bwawani na mchi wake.

Juu ya jiwe palisikika kikohozi. Alikuwa Hondohondo. Kabla hajakunjua mabawa, Bahati alitoka majini akamkamata shingo.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Nilegeze kidogo, dada. Nilijua, ndiyo. Walinituma jina, nikafikisha jina. Hakuna aliyeniuliza lingine."

"Mwaka hata mwaka?"

"Wangejua mapema, nani angenituma tena? Mimi nina watoto wanaokula karanga." Kisha akainamisha mdomo. "Lakini sasa hakuna karanga bondeni wala milimani. Na kesho baba zenu wanakuja hapa na mishale. Nimewaona wakiigawa. Hilo sikulitaka."

Kicheko kikaisha. Riziki aliwafikiria vijana wa kwao, wengine walikuwa hawajaota ndevu.

"Nikirudi kumwambia baba, hatanisikia," alisema Bahati. "Atasema Kitundu amenidanganya."

"Na wangu atasema Mkumbo amenidanganya."

"Basi wewe nenda kwa wangu, mimi niende kwa wako. Tukajitambulishe kama wachumba. Hawawezi kumrushia mshale mgeni aliyebisha hodi."

Riziki alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ndege aseme. "Na mahari tuwadai?"

"Tuwadai."

Riziki akapanda milima karibu akimbie. Alifika kwa Mkumbo jua likielekea kushuka. Uwanja ulikuwa umejaa wanaume, kila mmoja na jiwe la kunolea.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mwanangu," alisema Mkumbo bila kuinua kichwa. "Watoka wapi?"

"Bondeni. Mimi ni Riziki wa Kitundu. Nimekuja kwa ajili ya Bahati. Samahani nimechelewa."

Mawe yakaacha kunoa.

"Riziki yupi?" aliuliza Mkumbo.

"Yuleyule mliyemwahidi."

"Lakini wewe ni mwanamke."

"Tangu nizaliwe, baba."

Ndani ya nyumba mtu aliangusha sufuria. Mke wa Mkumbo akatoka, akamtazama Riziki, akamtazama mumewe, akakaa chini kizingitini na kucheka huku amejifunika uso kwa kanga. Mkumbo hakucheka. Masikio yalimwaka moto.

"Baba yako anawezaje kumwita binti Riziki?"

Riziki akamsimulia habari za njaa, na ardhi iliyopasuka, na kumbikumbi waliotoka kama moshi. "Jina langu linasema nyumba yetu ilipata nini siku ile," alisema. "Ningezaliwa mvulana, wangekula kumbikumbi walewale."

Mkumbo akawaza paa lililoanguka. Akawaza mkewe uwanjani, na kuku akitazama. Yeye mwenyewe alipotamka jina la Bahati hakuwa hata amemfunua mtoto kuangalia. Aliweka mshale chini.

"Kitundu amekuwa akinisubiri," alisema taratibu. "Muda wote huu amefagia uwanja akinisubiri mimi."

Kwa Kitundu mambo yalikuwa na kelele zaidi. Bahati alimkuta njiani na watu wake, tayari na podo begani. Akasimama katikati ya njia.

"Shikamoo, baba mkwe. Mimi ni Bahati wa Mkumbo."

"Bahati nani?"

"Wa Mkumbo."

"Bahati huyu wa mchi na fisi?"

"Mchi wenyewe huu hapa. Leo umelowa kidogo."

Kitundu akamzunguka kama mtu anayenunua mbuzi. Bahati mpiga ngoma, aliyekuwa mstari wa mbele, akamtazama msichana anayechangia jina naye, akasema, "Wallahi jina limempendeza kuliko mimi." Watu wakaguna, mmoja akacheka kwa pua, na jeshi lote likavunjika vicheko palepale njiani. Kitundu peke yake alibaki na uso mkavu, kisha akavua podo na kumkabidhi jirani.

"Na mahari, baba?" aliuliza Bahati. "Nimetembea mbali."

"Usinichokoze, mwanangu. Nimeaibika ya kutosha."

Asubuhi baba wawili walifika bwawani, kila mmoja na binti wa mwenzake, wala hawakubeba mishale. Walikuwa hawajaonana tangu siku ya kiapo. Kitundu aliona rafiki yake ameota mvi. Mkumbo aliona mwenzake ameinama mgongo.

"Ningekuuliza," alisema Kitundu.

"Hata mimi," alisema Mkumbo. Kisha akanong'ona kwa hofu, "Na kile kiapo? Tulilamba chumvi. Nyumba zetu lazima ziunganishwe."

"Najua. Sikulala."

Wazee wakaanza kukuna vichwa. Mmoja akasema labda wangojee wajukuu. Mwingine akasema binti mmoja avae kama mwanamume kwa siku moja tu. Bahati akasema wa kwanza kumletea hilo vazi ataogelea nalo bwawani.

Riziki akawageukia baba wawili. "Nani alilamba chumvi?"

"Sisi."

"Mimi nilikuwa tumboni. Bahati alikuwa tumboni. Mlioapa ni nyinyi. Basi oaneni nyinyi."

Mkumbo akamtazama Kitundu, akayaangalia yale magoti yake membamba na lile pengo la jino la mbele. "Huyu?" alisema. "Mahari yake siwezi kumtolea hata kuku."

Kitundu akajitahidi kukaza uso, akashindwa. Akacheka, Mkumbo akacheka, wakashikana mabega wakalia machozi ya kicheko na ya miaka yote ile iliyopotea. Ugali ukapikwa hapohapo, chumvi ikatoka upande mmoja na uwele upande mwingine, na watu waliokuja kupigana wakala sahani moja.

Riziki aliolewa baadaye huko milimani, na kijana aliyejikata kidole akinoa mshale siku ile Riziki alipobisha hodi. Alimchagua mwenyewe. Bahati alibaki bondeni misimu mingi akijifunza kukwangua chumvi, na fisi wa bondeni wakahama. Hondohondo aliendelea na kazi yake, ila kila alipofikisha habari walimshika mkia mpaka aimalize yote.

Na wale baba wawili? Tangu siku ile hawakuitana kwa majina tena. Kitundu alisema "mkwe wangu," Mkumbo akajibu "mkwe wangu," na wapita njia walipouliza ni mtoto wa nani aliyemwoa mtoto wa nani, wazee wale walitazamana kwa uso mzito kabisa, wakasema, "Hilo ni jambo la ndani ya familia."

Hadithi yangu imefika hapo ikaketi. Viazi navyo vimeiva, haya, viepueni.