Shimo la Jumbe Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Hadithi yangu ina moshi ndani yake!

Ilete hivyo hivyo, tutakohoa!

Hapo zamani za kale, wanyama wadogo wa nyikani walikuwa na jumbe wao, Ngiri. Kila kiangazi moto ulishuka kutoka vilimani, na kila uliposhuka uliacha msiba. Mwaka huo Bi Ngiri alikuwa na watoto watatu wadogo. Ngiri akawatazama, akaukumbuka moto. Akaenda kwa Muhanga, fundi wa kuchimba.

"Dada Muhanga, tuchimbie shimo la kutuficha sote kabla moto haujafika."

"Nitachimba na kaka yangu, jumbe. Mwezi ukiwa mpevu, mtaingia."

Wakachimba. Mmoja alikwangua udongo mbele, mwenzake akausukuma nje. Mlango ulikuwa mwembamba, na njia ilipinda kukwepa mchanga laini.

Ngiri akaja kuchungulia. "Mbona bado?"

"Ardhi imekauka kama jiwe, jumbe. Tutachelewa kidogo tu. Tuache tuchimbe."

Ngiri akarudi nyumbani. Akasema moyoni, "Kidole kimoja hakivunji chawa. Wawili wanachelewa, wengi watawahi."

Akamwita Nguchiro na ukoo wake. Wakaja mbio, wana ari kweli kweli. "Tuchimbe wapi? Udongo tuutupe wapi?" Muhanga akatoka shimoni kuwaonyesha. Akaonyesha, akaonyesha, jua likazama. Shimo likabaki pale pale.

Ngiri akaja tena. "Mbona bado?"

"Jumbe, leo nimeshinda nikifundisha. Hapakuchimbwa."

"Basi mnahitaji watu zaidi!"

Akawaita Panya-buku. Panya-buku wakawauliza Nguchiro, na Nguchiro, ambao wenyewe walikuwa wageni wa kazi, wakawaelekeza vibaya. Anayeingia akagongana na anayetoka. Udongo uliotolewa asubuhi ukarudi ndani jioni. Kaka yake Muhanga akakanyagwa mguu, akakaa kando akiuguza.

Ngiri akaja mara ya tatu. Sasa moshi ulionekana vilimani.

Bi Ngiri akamshika. "Baba watoto, Muhanga anakuomba nafasi, wewe unampa watu!"

"Sasa nifanyeje? Nikunje mikono moto uje ule wanangu?"

Akawaita Nyani. Nyani hawakuuliza lolote. Walianza kuchimba kutoka juu, kila mmoja pake, ili wakutane na njia ya chini. Wakatoboa kwenye mchanga laini.

Dari ikaanguka. Shimo likajaa mchanga, kikabaki kipande kifupi karibu na mlango.

Na moto ukafika.

Nyani wakakimbilia mawe ya juu. Waliobaki wakauvamia mlango, huyu kamkanyaga yule. "Watoto kwanza!" Ngiri akapiga kelele. "Watoto kwanza!" Nani angemsikia? Bi Ngiri alipenya na wawili. Yule mdogo kuliko wote aliangushwa na miguu ya wenziwe. Ngiri akageuka kumtafuta, lakini umati ukamsukuma ndani, kichwa mbele, hadi kwenye giza.

Hapo akamsikia nyuma yake.

"Baba! Baba, nipo huku!"

Ngiri akajaribu kugeuka. Shimo lilikuwa jembamba. Akajaribu tena, mabega yakakwama.

"Baba!"

Akajaribu mara ya tatu. Sauti haikuja tena.

Moto ulipopita wakatoka mmoja mmoja. Muhanga alikaa juu ya majivu, hakumtazama mtu. Bi Ngiri akasema, "Ungewaachia kazi Muhanga na kaka yake, wangechelewa kidogo. Tungebanana, lakini tungeenea."

Tangu siku hiyo Ngiri haingii shimoni kichwa mbele. Huingia kinyumenyume, uso wake ukiangalia mlango. Watu husema anamwogopa simba. Ninyi sasa mnajua anamtafuta nani.

Wanangu, kazi iliyochelewa haiponi kwa kujaziwa watu. Mgeni wa kazi, hata awe na moyo mwema, hula kwanza muda wa fundi ndipo amsaidie. Na moto haungoji mtu afundishwe.

Hadithi yangu nimeifikisha. Ikiwa chungu, msiiteme. Imezeni.