Unyayo wa Tembo kwenye Fomu ya Pimbi

Hapo zamani za kale, watoto, wakati wanyama walipokuwa na shule yenye kengele na walimu wa zamu kama hii yenu, palikuwa na Pimbi mmoja aliyemaliza kidato cha nne akiwa wa kwanza darasani. Nasema wa kwanza, si wa pili. Tembo mwenyewe, mwalimu mkuu, ndiye aliyesoma matokeo, na alipofika kwenye jina la Pimbi alilisoma mara mbili kwa sababu hakuamini.

Msifurahi mapema. Kufaulu mtihani ni kitu kimoja, na kupewa cheti ni kitu kingine kabisa.

Cheti hicho Pimbi alikitaka kuliko chakula. Mwaka ule mvua haikunyesha, na bonde zima lilibaki na chemchemi moja. Wakubwa wakatunga sheria yao. Mwenye cheti cha shule anapewa kazi ya kulinda chemchemi, na mlinzi na watu wa nyumbani kwake wanakunywa asubuhi pamoja na wakubwa, maji yakiwa bado safi. Wengine wote wanakunywa jioni, Kiboko akishaoga. Mmewahi kuona maji aliyoogea Kiboko? Basi mshukuru.

Mama yake Pimbi alikuwa amejifungua watoto watatu, na kwa kiu ile maziwa yakamkauka. Mmoja walishamzika.

"Mama, matokeo yametoka. Nimekuwa wa kwanza."

"Cheti kiko wapi?" mama akauliza. Hakuuliza kwa ukali, alikuwa amechoka tu.

"Bado sijapewa."

"Nenda kakichukue, mwanangu. Wadogo zako hawanywi matokeo."

Pimbi akaenda ofisini, mbio mbio, kwata-kwata-kwata.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Nani anaongea?" Tembo alikuwa anatazama dari.

"Mimi, Pimbi. Niko huku chini."

"Ahaa." Hata hivyo hakutazama chini. "Unataka nini?"

"Nimefuata cheti changu."

"Cheti kina masharti." Tembo akanyoosha mkonga juu ya kabati, akavuta fomu na kuiachia. Pwaa! Ikamfunika Pimbi mzima mzima. Fomu za shule ile zilikuwa za gome la mti, pana kama mkeka, kwa sababu kila mwalimu alitakiwa kuweka unyayo wake juu yake, na walimu walikuwa watatu: Tembo, Kiboko na Nyati. Aliyezitengeneza hakumfikiria mwanafunzi atakayezibeba.

"Kwangu mimi," akasema Tembo, "kila anayemaliza aangushe mti mmoja kwa ajili ya kuni za shule. Ukiangusha, nitaweka unyayo."

"Mwalimu, mimi hata kichaka..."

"Sheria haibagui. Mwisho Ijumaa. Funga mlango ukitoka."

Mlango wenyewe Pimbi asingeweza kuusukuma, basi akauacha wazi.

Akaburuta fomu hadi kwa Kiboko, mwalimu wa michezo. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Kwangu ni rahisi," akasema Kiboko, akiwa amelala kivulini. "Unakaa chini ya maji mpaka nimalize kuimba wimbo wa shule."

"Una beti ngapi, Mwalimu?"

"Kumi na moja. Na naimba polepole." Kiboko akapiga miayo. "Lakini mimi si mtu wa maneno mengi. Mzee Tembo akishaweka unyayo wake, wangu utaupata hata kama hujalowa."

Kwaru, kwaru, hadi kwa Nyati, mwalimu wa nidhamu na mtunza stoo. Nyati akasoma fomu kwa pua.

"Rudisha dawati."

"Dawati gani, Mwalimu? Madawati walikalia watoto wa wakubwa. Mimi na Digidigi tumekaa kwenye jiwe miaka minne."

"Fomu haisemi ulipewa. Fomu inasema urudishe."

"Sasa nirudishe nini?"

"Hilo ni lako." Kisha akashusha sauti. "Ila Mzee akiweka unyayo, mimi ni nani nimpinge?"

Hapo Pimbi akatoka nje na kukaa juu ya fomu yake. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakatetemeka. Miaka minne alikuwa ameamka kabla ya jogoo, na sasa anaambiwa arudishe kitu ambacho hajawahi kukigusa.

Digidigi, shoga yake, akaja akiburuta fomu yake naye. Huyo ndiye aliyekuwa wa pili darasani, aliyekalia naye jiwe moja. Kwao alikuwa na bibi yake tu, ajuza ambaye kiu ilikuwa imemnyang'anya hata sauti.

"Umeuangusha?" akauliza Pimbi.

"Nimeung'ata mti tangu asubuhi. Jino limelegea. Mti wenyewe haujui kama nipo."

Pimbi akafikiri. Akakuna sikio, akafikiri tena.

"Shoga, Mzee anapita wapi akienda chemchemini?"

"Njia ileile, kila siku saa tisa alasiri, akikagua maji."

"Anatazama chini?"

"Atatazama nini huku chini? Juzi alimkanyaga Kobe, na kama si lile gamba tungekuwa matangani kwake."

"Na Kiboko na Nyati wanatazama nini kwenye fomu?"

"Unyayo wa Mzee."

"Basi," akasema Pimbi, "tutautandikia mguu fomu."

Jumatano wakachimba kidimbwi cha tope jekundu katikati ya njia, na mbele yake wakalaza fomu. Wakajificha. Saa tisa ikafika, na ardhi ikaanza kutikisika. Du! Du! Du! Mguu ukaingia kwenye tope, pwaa, ukainuka, ukashuka nje ya fomu kwa kiasi cha kiganja. Tembo akapita zake, akivuma wimbo puani.

"Tumekosea hatua," akasema Digidigi.

Wakapima upya. Pimbi akalala chini kwenye nyayo zile, akainuka, akalala tena mbele, mpaka wakajua kwamba hatua moja ya Tembo ni pimbi wanne na nusu waliolala. Nusu hiyo ndiyo iliyowaponza Jumatano.

Alhamisi ikabaki swali moja.

"Tuweke fomu ya nani?" akauliza Pimbi. Hazikutosha mbili njiani.

"Yako. Ninyi mna watoto wachanga. Yangu tutaiweka kesho, kabla fomu hazijafungwa." Kisha Digidigi akamshika mkono. "Lakini nisikilize. Usiipeleke kwa Kiboko na Nyati mpaka kesho nami nimeshapata. Nyati hana siri. Mzee akisikia, kesho atatazama chini."

"Siipeleki. Haki ya Mungu."

Du! Du! Pwaa! Pa!

Unyayo ukakaa katikati ya fomu, mwekundu, mzima, na kucha zake zote. Wale wawili walicheka huku wamezibana midomo kwa mikono mpaka machozi yakawatoka. Nawaambia mkumbuke kicheko hicho, watoto, kwa sababu hawakucheka tena pamoja.

Pimbi alipofika nyumbani alimkuta mama amempakata mtoto mmoja, na shingo ya mtoto imelegea.

"Tangu mchana hanyonyi," akasema mama. "Hata kulia hawezi. Huyu Jumapili hatufiki naye."

Pimbi akapiga hesabu. Akisubiri kesho alasiri, cheti atakipata Jumamosi na maji Jumapili. Akienda sasa hivi, cheti ni kesho asubuhi na maji Jumamosi. Akamtazama mdogo wake. Jua lilikuwa halijazama. Akasimama mlangoni kitambo, kisha akaichukua fomu, akaiburuta.

Wangapi kati yenu wangesubiri? Haya, tuendelee.

Kiboko akaona unyayo wa Tembo, akapiga wake pembeni bila kuamka. Nyati akauona, akainua nyusi, akapiga wake, akabaki na fomu ili aifikishe ofisini. Dawati hakulitaja tena, na habari ya maji na mti hakuna aliyeiuliza. Lakini Pimbi alipogeuka kuondoka, alimsikia Nyati akimwambia Kiboko, "Mzee siku hizi amekuwa na huruma. Ngoja nikampongeze."



Ijumaa asubuhi kengele ikapigwa, wanafunzi na wazazi wakapanga mistari uwanjani. Tembo alisimama mbele na fomu moja tu imening'inia kwenye mkonga.

"Huu ni unyayo wangu," akasema. "Lakini sikumbuki kuuweka. Pimbi, njoo mbele. Uliangusha mti gani?"

Lakini aliyekuwa wa kwanza darasani si mjinga.

"Mwalimu Mkuu, unyayo ni wako au si wako?"

"Ni wangu."

"Ni sawa na ule ulio kwenye fomu ya mwanao?"

"Ni sawa, lakini..."

"Basi kama wangu ni batili tuzifute zote mbili, tuanze upya. Mwanao atuoneshe mti alioangusha yeye, kisha na mimi nitatafuta wangu."

Mtoto wa Tembo, aliyekuwa wa mwisho darasani na ambaye cheti chake kilikuwa kwao tangu Jumatatu, akainamisha kichwa. Kiboko akakohoa. Nyati akaanza kufukuza nzi ambao hakuna aliyewaona. Kwani watoto wa wakubwa, wanangu, hakuna aliyewahi kuangusha hata mbigili. Waliwekewa unyayo mezani, wakinywa chai.

Tembo akajua amebanwa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Niliuweka lini?"

Hapa ndipo Pimbi alipopaswa kunyamaza. Angesema tu, "Umesahau, Mwalimu," na mambo yakaisha. Lakini ushindi ulikuwa mtamu mdomoni, na miaka minne ya kukaa kwenye jiwe ilikuwa imemjaa kifuani.

"Jana saa tisa, njia ya chemchemini," akasema kwa sauti, wote wasikie. "Kila siku unapita juu yetu, Mwalimu. Jana tulikutandikia fomu."

Wadogo wote wakaangua kicheko. Kobe alicheka mpaka akarudi ndani ya gamba. Pimbi akageuka awaone wanaocheka, na katikati yao akamwona Digidigi. Digidigi hakuwa anacheka. Alikuwa ameikumbatia fomu yake, tupu, haina hata alama moja.

Tembo akamkabidhi Pimbi cheti. Hakuwa na la kufanya. Kisha akawageukia wote.

"Kuanzia leo njia yangu itafagiliwa kabla sijapita. Unyayo utawekwa ofisini, na Nyati atasimama mlangoni."

"Na fomu ambazo bado?" akauliza Nyati.

"Masharti ni yaleyale. Mwisho ni leo."

Digidigi alirudi kwenye mti wake. Mpaka kengele ya jioni alikuwa bado anaung'ata.

Kesho yake asubuhi Pimbi akaenda kazini na mama yake na wale wachanga wawili. Mama akanywa. Akanywa tena, polepole, kisha akakaa kwenye majani akamweka yule mnyonge kifuani. Baada ya muda mtoto akaanza kunyonya, nyu, nyu, nyu, na mama akafumba macho. Pimbi akalia. Mdogo wake alipona, na hilo hakuna wa kumlaumu nalo.

Nyati, msimamizi wa walinzi, akampa rungu. "Simama pale njiani. Asiye wa asubuhi, mrudishe. Ukipitisha mmoja, ninyi nyote mnahamia jioni."

Pimbi akasimama. Haikupita muda Digidigi akatokea, amemshika bibi yake mkono, wakija hatua kwa hatua.

"Umeamkaje, shoga," akasema Digidigi.

"Nimeamka salama."

"Bibi hajanywa tangu juzi. Wa zamu ya jioni jana walikuta tope tupu."

Pimbi akatazama nyuma. Nyati alikuwa amesimama, anacheua, anamwangalia yeye tu. Mama yake naye alikuwa amefumbua macho.

"Digidigi," akasema Pimbi. "Zamu yenu ni jioni."

Alitegemea kutukanwa. Angetukanwa ingekuwa afadhali. Lakini Digidigi alimtazama kitambo, kama mtu anayesoma jina asilolijua, kisha akamgeuza bibi yake taratibu ili asijikwae. Yule bibi, ambaye hakuwa ameelewa kitu, alimpungia Pimbi mkono kwa adabu, maana alimjua tangu utotoni, tangu siku alizokuwa akija kwao kusoma na mjukuu wake.

Pimbi akabaki na rungu lake na cheti chake mpaka jua likapanda juu, na maji hakuyaonja siku ile.

Hadithi nimeifikisha hapo, watoto, na mbele ya hapo sina cha kuwapa ila funzo lake: hila ya mnyonge humpitisha yeye mmoja, na sheria mbaya hubaki pale pale ikiwasubiri wenzake.