Babu wa Dhahabu

Nyumba ya Bi Semeni ilivuja kama chujio. Siku moja akichimba muhogo wake, akafukua sarafu ya dhahabu ya Warumi wa kale, yenye kichwa cha mfalme aliyevikwa majani kama mbuzi aliyefumaniwa shambani. Tajiri Mhando akaja mbio.

"Bibi, nipe. Huyo ni babu yangu."

"Kweli, pua ni hiyo hiyo. Hebu waapie majirani."

Mhando akaapa.

"Basi poleni kwa msiba. Sisi watani wenu maiti tumemshika, na mila unaijua: hatumwachii mpaka kila mtani apewe ng'ombe."

Majirani, watani watupu, wakaanza kuchagua rangi za ng'ombe wao.

Mhando akaitazama sarafu upya. "Huyu mtu simjui."

"Kama si wenu," alisema Bi Semeni akiifunga kwenye pindo la kanga, "ataniezekea nyumba."