Kofia ya Bibi Opal

Anayecheza ugenini hupigiwa makofi ya adabu, na akimaliza hakuna anayeuliza amelala wapi. Lakini anayecheza kwao, hata mguu ukimteleza, hakosi mtu wa kufungua pindo la nguo na kumtuza. Ndiyo maana wahenga hawakumtaja hodari wala bingwa katika methali yao. Walimtaja mcheza kwao tu. Maneno hayo yalitimia katika mji mdogo wa Corley, jimbo la Nebraska, ambako mahindi huanzia pale uwanja wa besiboli unapokomea.

Lowell Kucera alizaliwa Corley na kucheza katika timu ya mji, Korongo. Kazi yake ilikuwa kulinda nyasi za mbali, kule nyuma kabisa, na kuidaka mipira iliyopigwa juu. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane, klabu moja ya Ligi Kuu ilimsajili ikampeleka kusini, katika ligi ndogo, ambako vijana hupikwa huku wakisubiri kuitwa juu. Alizungushwa mji hadi mji kama mbegu iliyobebwa na upepo. Hatimaye minong'ono ikaanza kwamba zamu yake imefika. Wiki hiyo hiyo aliukimbilia mpira uliokuwa ukielekea ukutani, akaudaka, akajigonga na kuvunjika mtulinga. Wakati huo timu yake ilikuwa imekwisha kuzidiwa vibaya.

"Tulishashindwa, bwana! Ulikuwa unakimbilia nini?" kocha alimfokea kando ya kitanda cha hospitali.

"Mpira ulikuwa bado hewani," Lowell akajibu.

Mfupa ulipounga, nafasi yake ilikuwa imeshapata mwenyewe. Lowell akarudi kwao, akavaa jezi ya Korongo, na misimu ikapita mmoja baada ya mwingine hadi mvi zikachungulia kwenye ndevu zake.

Corley walikuwa na desturi yao. Mchezaji wa nyumbani akiupiga mpira ukavuka ukuta, kofia ilipitishwa majukwaani, kila mtu akatia alichojaliwa, kisha mchezaji akapokea tunzo lake kupitia tundu la wavu unaowakinga watazamaji. Kofia yenyewe ilikuwa ya majani, ya marehemu mume wa Bibi Opal Dreyer, na hakuna aliyethubutu kuigusa kabla bibi huyo hajainyanyua. Bibi Opal alikaa nyuma ya wavu kila mechi, ulimi wake mkali kama wembe mpya.

"Lowell! Hilo gongo au mwiko wa supu?" alikuwa akipaza sauti. "Shangazi yangu ana goti bovu, na angeufikisha mpira mbali kuliko hapo!"

"Mlete, bibi, tumsajili!" Lowell alikuwa akimjibu, na jukwaa zima likaangua kicheko.

Hata hivyo, kofia ile haikuwahi kupitishwa kwa ajili yake. Uwanja wa Corley zamani ulikuwa wa mashindano ya farasi, kwa hiyo ukuta ulikuwa mbali mno, na upepo wa mtoni uliirudisha mipira kama mama anayewaita watoto ndani. Ugenini Lowell aliwahi kuuvusha mpira ukuta mara kadhaa. Huko alipigiwa makofi mawili matatu ya adabu, kisha majukwaa yakanyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu.

Aliyeumia zaidi kwa jambo hilo ni baba yake, mzee Emil, aliyestaafu kazi ya ghala la nafaka. Kila mechi alikuja na noti moja ya dola, ameikunja ndani ya kibweta cha miwani, na kila mechi alirudi nayo nyumbani. Ilikuwa imechakaa hata sura iliyochorwa juu yake haionekani vizuri.

"Nataka kuitia noti hii katika kofia yako kabla macho yangu hayajazima," alimwambia mwanawe wakila keki za plamu jikoni. "Sina haja nyingine, mwanangu."

Msimu mmoja ulipokaribia kwisha, kocha Gus Tillman alimwita Lowell pembeni. Alikuwa akiuchezea mpira mikononi kana kwamba anatafuta ulipoanzia uzi wake.

"Wakubwa wa timu wameshaamua, Lowell. Jumapili ndiyo mechi yako ya mwisho. Nafasi yako atachukua Darius."

"Nimeelewa, kocha."

"Unielewe na mimi. Ningekuwa na uwezo…"

"Nimeelewa, Gus."

Darius Whitlow alikuwa kijana kutoka Georgia, mwenye mbio za swala na maswali yasiyokwisha. Mwingine angemnunia. Lowell alimchukua kesho yake asubuhi hadi kwenye nyasi za mbali, akamwonyesha mahali jua linapomchoma mdakaji usoni alasiri, na kishimo kinachoteguza vifundo vya wageni.

"Mzee, mbona unanifundisha?" Darius aliuliza. "Si mimi ndiye ninayekutoa?"

"Nyasi zimekosa nini? Zinahitaji mtu wa kuzilinda," Lowell akasema. "Halafu sikiliza. Siku ukiwa kituo cha tatu na mimi ndiye mwenye gongo, ukiniona nashika mkanda, kimbia nyumbani, pale ninapopigia. Usiulize, usigeuke."

Jumapili ikafika. Korongo na wageni wao walikuwa sawa kileleni, na mshindi wa siku hiyo ndiye angepandisha bendera ya ubingwa. Mlingoti wa Corley ulikuwa mtupu kwa miaka mingi hata ndege walijenga kiota juu yake. Mchezo ulikwenda bega kwa bega hadi ngwe ya mwisho. Darius alikuwa amesimama kituo cha tatu. Akifika nyumbani tu, alama inahesabiwa na mchezo umekwisha. Na aliyekwenda kupiga alikuwa Lowell.

"Sikupi ishara," Gus alimnong'oneza. "Uwanja ni wako."

"Lowell!" Bibi Opal akapaza sauti, ingawa siku hiyo ilikuwa na mkwaruzo. "Leo angalau mwamshe huyo ndege mlingotini!"

Mrushaji akarusha. Lowell akalizungusha gongo kwa nguvu zote alizojaliwa na Mungu. Mpira ukapaa, ukapaa, ukaukata upepo wa mtoni kwa mara ya kwanza katika maisha ya Lowell. Watu wote wakasimama. Bibi Opal akainyanyua kofia. Mzee Emil akafungua kibweta. Mpira ukavuka ukuta, lakini nje ya mstari wa pembeni, pungufu ya urefu wa mkono. Haukuhesabiwa, ikabidi apige tena.

Lowell akavuta pumzi. Sasa alijua kwamba mikono yake inaweza. Alimwona baba yake nyuma ya wavu, noti mkononi, hajairudisha kibwetani. Kisha akatazama uwanjani, akaona wageni wote wamerudi nyuma, wakisubiri pigo jingine kubwa. Mbele ya kituo cha tatu palikuwa wazi kama ua uliofagiliwa.

Alitamani pigo lile kama mwenye kiu anavyotamani maji. Kofia ilikuwa pale, baba yake alikuwa pale, na kesho haikuwapo. Lakini hata mlingoti mtupu ulikuwa pale.

Akashika mkanda.

Darius hakuuliza wala hakugeuka. Mpira uliporushwa, Lowell aliushusha mkono wake na kuugusa mpira tu kwa gongo, polepole, kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha mgonjwa. Mpira ukabingirika hatua chache, ukafia kwenye nyasi. Wageni walipoufikia, Darius alikuwa ameteleza hadi nyumbani, mavumbi hadi nyusi. Korongo walikuwa mabingwa.

Watu walimwagika uwanjani. Lowell akapenya katikati yao hadi kwenye wavu.

"Nisamehe, Baba. Ule mpira ningeweza kuuvusha."

"Nikusamehe?" Macho ya mzee Emil yalikuwa yamejaa machozi. "Mtoto wangu, unataka nisimulie nini kizuri zaidi ya hiki?"

Noti bado ilikuwa mkononi mwake. Alipotaka kuikunja tena, sauti ikamkatiza.

"We Emil! Unaipeleka wapi hiyo?" Alikuwa Bibi Opal, kofia ameishika kifudifudi. "Kofia haijapita."

"Bibi, sheria!" mtu akamtania kutoka juu. "Mpira haukuvuka ukuta!"

"Sheria niliitunga mimi, na leo imenichosha! Tia mkono mfukoni, mbahili wee!"

Akaigeuza kofia ikatazama juu, na wa kwanza kutia akawa mzee Emil. Noti ile iliyochakaa ikatua chini kabisa, kisha kofia ikapanda majukwaani, safu kwa safu. Wakulima walitia, walimu walitia, mtoto mmoja akatia peremende aliyokwisha kuilamba. Darius naye akaja na kopo lake la sarafu, akalimimina lote. Iliporudi ilikuwa nzito kiasi cha kushikwa kwa mikono miwili, na haikuweza kupita kwenye tundu la wavu, ikabidi watu wawili waupinde wavu wenyewe.

"Haya, pokea," Bibi Opal akasema, akijifuta pua kwa kiganja. "Na usidhani nimeacha kukusema."

Lowell aliipokea, akaikumbatia kifuani. Juu ya mlingoti, bendera ilikuwa ikipanda taratibu ili isimtishe ndege. Lowell Kucera hakuitwa Ligi Kuu hata siku moja, na hadi leo Corley hawajamwona mchezaji mkubwa kuliko yeye. Hakika, mcheza kwao hutunzwa.