Blanketi la Harusi ya Lugano

"Mharakisha sufu hulala miguu nje." Vijana waliomsikia Mzee Mbwilo akitamka maneno hayo walimwuliza yametoka wapi. Akawaambia chanzo chake ni hiki.

Huko juu milimani Ukinga, kwenye baridi ya kukata mifupa, aliishi mama aitwaye Sekela. Binti yake, Lugano, alikuwa akiolewa, na kijijini kwao bibi harusi hakuondoka bila blanketi la sufu. Sekela hakuwa na kondoo. Majirani walikuwa nao wawili watatu kila nyumba, wakawanyoa, wakampa manyoya yote. Akayachambua, akayasokota, akafuma kipupwe kizima. Likatoka blanketi pana la kufunika watu wawili na kubaki.

Ila lilinuka mafuta ya kondoo.

"Loweka kwa maji baridi, wifi," alimwonya Tusajigwe, dada wa mumewe. "Ubadilishe maji taratibu hadi harufu iishe."

"Wakwe wanafika kesho! Nitaibembeleza harufu mpaka lini?"

Akachemsha maji, akalitumbukiza blanketi, akalitwanga kwa mchi. Alipolitoa akalikunjua. Akalikunjua tena, akidhani limejikunja. Wapi! Lilikuwa limerudi lote, gumu kama mkeka, kipande cha kumfunika mtoto.

"Mama, blanketi langu liko wapi?" Lugano aliuliza mlangoni.

"Ndilo hilo."

Binti akacheka, akidhani ni utani. Kisha akauona uso wa mama yake.

Sekela akakimbilia kwa jirani yake, Mama Tweve, kuomba manyoya mengine. Mama Tweve akashika kichwa.

"Yote? Ya kijiji kizima? Sasa utamnyoa nani, Sekela? Kondoo wote wako uchi!"

Wakwe walifika. Mshenga alikigeuzageuza kile kipande, asiamini macho yake, kisha akaondoka na watu wake bila bibi harusi. Ikabidi harusi ingoje manyoya yaote upya.

Muda wote huo Lugano alijifunika kipande kilekile, maana hakuwa na kingine. Akikivuta juu, miguu inabaki wazi. Asubuhi moja Tusajigwe aliwakuta, Sekela akiikanda miguu ya bintiye iliyokufa ganzi kwa baridi, machozi yakimtiririka. Kabla wifi yake hajasema neno, Sekela alisema mwenyewe:

"Mharakisha sufu hulala miguu nje."