Kamusi ya Bwana Shekalaghe

Bwana Shekalaghe, tajiri wa Muheza, alinunua kamusi ya Kiingereza nene kama tofali, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumua. Asubuhi moja alimtaka Semeni, muuza maandazi, aondoke barazani kwake.

"Labda unitajie maana zote za neno 'set', pamoja na za jamaa zake kama 'setting' na 'upset'," alisema, akaikalia kamusi ili Semeni asichungulie. "Zinapita mia. Ukisahau moja tu, beba karai lako!"

Wateja waliacha kutafuna. Semeni aligeuza maandazi, akafuta mikono.

"Kitendawili!"

"Tega!" tajiri aliitika kwa mazoea.

"Nitajie maana zote za 'set', na za jamaa zake."

Tajiri alifika ya tano, akakwama.

"Toa mji!" wateja walipiga kelele.

"Chukua Tanga."

"Tanga siendi."

"Basi chukua Mombasa!"

"Mbali. Nipe baraza hii."

Makofi yakalia. Tajiri alitazama huku na huku, jasho likimtoka. Alishaitikia "Tega!" mwenyewe, mbele ya watu.

"Haya, chukua baraza! Sasa sema jibu!"

"Jibu umelikalia, mzee. Inuka usome."